Pigo la Nne

Bernadeta alikuwa uani akichambua mchele alipogundua kwamba midomo yake inahesabu. Moja, mbili, tatu, kimya. Moja, mbili, tatu, kimya. Ilikuwa injini ya gari la Bwana Mfaume, nyuma ya ua wa makuti, ambako mumewe Gregori alikuwa na gereji yake.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la kabla ya vita. Barabarani lilikwenda bila taabu, lakini likisimama huku injini inawaka, lilitetemeka mpaka vioo vikagongana na fremu zake.

"Fundi, gari langu lina kwikwi," Mfaume alisema siku alipolileta. "Nilipe maji, linywe mafundo saba?"

"Liache hapa," Gregori akajibu akicheka. "Mie nitalishtua, kwikwi itakwisha."

Siku ya nne hakucheka tena. Alikwishakwangua plagi kwa brashi ya waya. Alifungua kabureta akakipuliza kitundu cha petroli mpaka midomo ikamwasha. Mwisho alichomoa waya za plagi, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inawaka. Hivyo ndivyo fundi anavyoitambua pistoni iliyokufa: ukichomoa waya wa nzima, injini inalegea, ukichomoa wa mfu, haibadiliki.

"Zote nzima," alimwambia mkewe adhuhuri ile, kwa sauti ya chini kana kwamba gari linasikia. "Zinazofanya kazi ni nne, zinazosikika ni tatu. Labda inavuta hewa mahali. Ningepata moshi mwembamba ningepaona. Penye tundu, moshi unanywewa."

Moshi wa kuni ulikuwa mzito mno. Bernadeta akakumbuka chetezo cha Bi Somoe, mpangaji mwenzao, kilichokaa mlangoni pa chumba chake. Mwenyewe alikuwa mazikoni Mbagala. Bernadeta na mumewe walikuwa Wakatoliki, watu wa kusini. Kwao ubani ulikuwa harufu ya misa, basi. Akatia makaa, akatupia ubani na kipande cha udi, akaenda nacho gereji, mkono mmoja umeshika chetezo na mwingine umeshika tumbo. Lilikuwa la miezi saba. Mimba tatu zilizotangulia zilitoka kabla ya mwezi wa tano, na sasa hakuinuka mahali bila kulishika, kana kwamba kilichomo kingeweza kuanguka.

Moshi ukapita juu ya kabureta, haukuyumba. Ukapita penye gasketi, haukuyumba. Ulipofika ubavuni mwa injini, palipokuwa chuma kitupu bila tundu wala mshono, ukasimama. Kisha ukarudi nyuma, ukajikusanya ukawa mwembamba kama uzi, ukaja moja kwa moja kwenye tumbo la Bernadeta, ukaingia katika kanga na haukuonekana tena.

Moja, mbili, tatu, nne, ikasema injini.

"Limepona!" Gregori akapiga boneti kofi. "Umefanya nini, we mwanamke?"

"Sijafanya kitu," Bernadeta akasema. Ubani aliusikia kooni, si puani.

Mfaume alilichukua gari lake jioni ile ile. Asubuhi mtoto akaanza kupiga tumboni: mara tatu, akanyamaza, mara tatu, akanyamaza. Gregori akaleta ufito wa mti ambao mafundi husikilizia injini, akauegemeza tumboni, sikio upande wa pili, akasikiliza mpaka uji ukapoa.

"Unasikia nini?"

Hakumtazama. "Nalijua pigo hili," akanong'ona. "Nimekaa nalo siku nne."

Bi Somoe aliporudi kutoka Mbagala hakungoja kuulizwa hali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani kashika chetezo changu?"

Bernadeta akamweleza yote. Bi Somoe akaketi polepole. "Ubani hauwashwi hivi hivi, mwanangu. Ukiuwasha, umeita. Ukiita, useme umeitia nini, na anayekuja umpe kiti. Yule alikuwa kabanwa ndani ya chuma. Nyie mmemwita, mkanyamaza. Kakaa kwenye kiti alichokikuta."

Ikabidi Mfaume alirudishe gari. Alhamisi, baada ya alasiri, jua likiwaka juu ya mabati, injini ikawashwa, na Bi Somoe akakipitisha chetezo chini ya kanga ya Bernadeta mara saba, akimsihi mgeni kwa maneno ya heshima kama mtu anayemwondoa mkwe asiyetaka kuondoka, na moshi ukaanza kutoka kwenye kitambaa uzi kwa uzi, bila upepo, ukavuka hewani mbele ya macho ya Mfaume ambaye alikuwa amekwisha kurudi nyuma hadi barabarani, ukagusa chuma kile kisicho na tundu na ukanywewa wote, na papo hapo gari likaanza kutetemeka. Moja, mbili, tatu, kimya.

"Katoka," akasema Bi Somoe.

Bernadeta akangoja teke. Halikuja. Gregori akapiga magoti na ufito wake, akasikiliza juu ya kitovu, chini ya kitovu, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, mahali pamoja baada ya pengine.

"Amelala," akasema. "Labda amelala tu."

Bernadeta hakumsikiliza yeye. "Mtoto wangu alikufa lini, Bibi?"

"Sijui, mwanangu. Labda siku ile mgeni alipoingia. Labda kabla yake."

"Na aliyekuwa akinipiga juma zima?"

Bi Somoe akakiweka chetezo chini.

"Mrudishe."

"Aliyeitwa mara ya pili hafukuziki. Na utakayemzaa..."

"Nimesema mrudishe!"

Bi Somoe hakusogea. Bernadeta akakichukua chetezo mwenyewe, akapuliza makaa, akakiweka kati ya tumbo lake na injini. Safari hii hakunyamaza. "Njoo ukae," akasema. "Hiki ni kiti chako. Nakupa mimi, mwenyewe."

Injini ikazimika, na hakuna aliyegusa swichi. Gereji nzima ikanuka ubani na petroli iliyoungua. Gregori alikuwa bado kapiga magoti, ufito sikioni, kasahau kupumua.

Moja. Mbili. Tatu.

Nne.

"Linakwenda," akasema, machozi yakimtiririka. "Bernadeta, sasa linakwenda sawasawa kabisa."

Bi Somoe akavaa ndara zake. Chetezo hakukichukua.

"Kaa nacho," akasema bila kugeuka. "Kila Alhamisi atakudai."

Bernadeta hakuuliza mpaka lini.