Hewa ya Ghorofani

Wali ulikataa kuiva. Asmahan aliuinjika baada ya alasiri, maji yakatokota, yakakauka, akaongeza mengine, yakakauka tena, na punje bado zilikuwa ngumu katikati. Mchele ni ule ule anaonunua siku zote dukani Stratford Road, na sufuria ni ile ile ya mkwewe. Alionja mchuzi uliokuwa ukichemka jiko la pembeni, haukumchoma ulimi. Akadhani gesi imepungua nguvu, akakaanga mayai, wakala na mkate.

Hafidh, mumewe, hakulalamika. Tangu arudi kutoka Peru hakuwa mtu wa kulalamika kwa lolote, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mke yeyote anayemjua mumewe. Hafidh ni dereva wa basi, na siku zake za mapumziko zote huziteketeza milimani: Wales, Uskoti, Moroko, na Kilimanjaro ambayo ameisimulia mpaka majirani wanaikwepa. Mara hii alikwenda Andes na rafiki yake Jatinder, safari ya kutembea na kiongozi siku nyingi juu kabisa, safari isiyopokea mtu ambaye hajawahi kupanda kwingine. Katikati ya safari Asmahan aliletewa ujumbe kwamba mumewe anaumwa, mapafu yamejaa maji na theluji imefunga njia. Alikesha juu ya mswala. Kulipokucha ukaja ujumbe mwingine: amepona, anatembea. Asmahan alilia kwa furaha mbele ya wateja katika duka la vitambaa anakofanya kazi.

Basi mtu kama huyo akirudi mzima, nani atauliza mbona amenawiri sana?

Baada ya wali zikafuata pakiti za krispi. Asmahan alifungua kabati la jikoni akazikuta zimevimba zote, zimetuna kama matumbo ya watoto waliokula kupita kiasi, na alipokuwa akizitazama moja ikapasuka. Hafidh aliona, uso ukambadilika, kisha akasema ni joto la radieta.

"Kabati liko mbali na radieta," alisema Asmahan.

"Basi ndiyo zao hizo za bei poa," alisema Hafidh, akatoka kwenda kuvuta hewa barazani.

Halafu zikaja ngazi. Nyumba yao ni kama nyumba zote za mtaa ule wa Sparkhill, nyembamba, imebanwa na jirani huku na huku, vyumba vya kulala juu. Asmahan alizipanda ngazi zile miaka yote akiwa na kapu la nguo mikononi. Sasa alifika katikati akihema, moyo ukimpiga masikioni, akalazimika kukaa. Chumbani kichwa kilimuuma nyuma ya macho. Asubuhi midomo yake ilikuwa ya samawati. Daktari alimpima, akasema mapafu hayana neno, ale vizuri, apunguze mawazo. Alikwenda kulala kwa shoga yake Falis, huko Castle Vale, akidhani ni nyumba ina kasoro. Hewa nyembamba ile ilimfuata mpaka kwenye kochi la Falis, na Falis aliyelala chumba cha pili hakusikia chochote.

Hafidh yeye hakuwa akipanda juu kabisa. Alilala sebuleni, akisema amezoea hema na godoro laini linamuumiza mgongo. Chai ya mkewe aliiandaa kila siku, mwenye huruma, akaiweka kwenye ngazi ya chini na kumwita ashuke aichukue.

Ikawa jioni moja ya Desemba, saa kumi tu na giza limeshaingia, Asmahan amejilaza chumbani. Alisikia harufu kwanza, harufu ya manyoya yaliyolowa na majivu yaliyopoa. Kisha sauti ya kijiwe kikiwekwa juu ya kijiwe, taratibu, hapo nje ya mlango. Kisha pumzi, fupi fupi, za mtu aliyepanda sana.

"Hodi," ilisema sauti.

Asmahan alidhani Hafidh anamtania. Lakini mwanamume gani anabisha hodi chumbani kwake mwenyewe? Alinyamaza. Ikabisha tena, kwa adabu. Alipofungua mlango hapakuwa na mtu, ila zulia lilikuwa baridi na limelowa, na kutoka chini alisikia mpira kwenye televisheni na Hafidh akipuliza chai yake.

Aliyemfungua macho ni Jatinder. Alipita kurudisha glavu za Hafidh, na Hafidh alikuwa kazini. Jatinder ni Kalasinga wa Nairobi, mtu mkubwa mwenye aibu, na alipomwona Asmahan ameshika ukuta ili asimame, hakukaa.

"Shemeji, umekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu mrudi. Hebu niambie, Jatinder. Huko juu kulitokea nini?"

"Mimi sitaki kuingilia mambo ya nyumba ya mtu."

"Ndugu yangu, nakufa."

Jatinder alitazama mlango, akashusha sauti. "Ile usiku ya theluji, guide alitupatia oksijeni mpaka ikaisha. Akasema hatuwezi shuka mpaka kuche, na tukisikia mtu anaita pale kwa ile lundo ya mawe karibu na hema, tunyamaze. Mimi nikacheka. Baadaye, tuko ndani ya hema, nikasikia mtu nje anasema hodi. Shemeji, hodi! Pale juu, kwa Waperu! Nikajiambia ni altitude, hewa kidogo ya juu, inanichezea akili. Lakini Hafidh akaitikia."

"Akaitikia nini?"

"Akasema karibu. Halafu wakaongea polepole, sikushika yote. Nilishika tu karibu nyumbani. Asubuhi aliamka, akakunja hema, akapita hata nyumbu wa mizigo."

Hafidh aliporudi alimkuta mkewe amekaa ngazi ya chini akimngoja. Hakukana. Alilia, yeye ambaye si mtu wa kulia, akamshika miguu.

"Ni ulimi tu, Asmahan. Mtu akibisha hodi wewe unajibu nini? Nilikuwa nusu maiti. Nilisema karibu kabla sijafikiri. Kikaniuliza, karibu wapi? Nikasema karibu nyumbani, kama anavyosema mtu yeyote. Ningejua kitakuja kweli?"

Asmahan alifikiri. Kwao Unguja mwanamume mwenye haya hamtaji mkewe kwa watu. Husema nyumbani wanakusalimia, nyumbani hawajambo, na kila mtu anaelewa nyumbani ni nani. Neno la adabu, na kiumbe kile kimelielewa kuwa ni yeye. Alijikuta anacheka, kicheko kikamkata pumzi, na mumewe akacheka naye huku akilia. Alimsamehe pale pale. Mtu ameponzwa na malezi mazuri, utamlaumu vipi?

Wakampigia simu Bi Sikuzani, mwanamke wa Kipemba anayekaa Alum Rock, ambaye watu humsema vibaya mchana na kumtafuta yakiwafika. Alikuja kwa basi na mfuko wa plastiki, ndani yake kisahani cha chuma, makaa, ubani na chupa ya maji ya waridi. Alipanda ngazi akisoma chini kwa chini, na katikati akasimama kidogo kuvuta pumzi.

"Kwenu kuna mlima," alisema.

Hafidh alibaki chini.

Bi Sikuzani alimkalisha Asmahan kitandani, akawasha makaa, yakakataa kushika, akayapuliza mpaka yakakubali kidogo. "Bado hajaingia ndani yako, mwanangu. Nyumba imeshampokea, wewe hujampokea. Atakuita. Usimwitike. Sasa nipe jina lako na la mama yako."

"Asmahan binti Raya."

Bibi alisoma kwa jina hilo, akanyunyiza, akamtaka mgeni aseme anataka nini na aende zake. Moshi ulitambaa chini badala ya kupanda. Hakuna kilichojibu. Alisoma tena, kwa sauti zaidi, na Asmahan akaanza kutumaini kwamba kimeondoka. Ndipo harufu ya manyoya ilipoingia, nzito, na taa ikawa kama iko mbali, na nje ya mlango vile vijiwe vikaanza kupangwa kimoja juu ya kingine, kimoja juu ya kingine, mpaka ilionekana lundo lile lazima limefika dari, na sauti iliyokuwa ikihema nyuma yake ikaita polepole, kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa ale, "Asmahan binti Mkejina. Hodi."

Bi Sikuzani aligeuka. "Mkejina ni nani?"

Bi Raya ni mama aliyemlea Asmahan, ndiye anayejulikana kwenye pasipoti na kwenye cheti cha ndoa. Aliyemzaa ni Mkejina, mtumishi wa nyumba ya Bi Raya, aliyekabidhi mtoto na kuondoka ili msichana apate jina. Bi Raya alimnong'oneza siri hiyo akiwa anakufa. Asmahan naye aliitoa mara moja tu maishani mwake, usiku wa harusi, kwa mtu mmoja, kwa sababu alitaka kuwe na mtu mmoja duniani anayemjua kamili.

Alishuka kitandani kwa mikono na magoti. Bibi alimshika nguo, naye akajichomoa, akaufungua mlango, akatambaa kwenye zulia lililolowa lenye baridi inayochoma viganja, akipita pembeni mwa kitu asichokitazama lakini alichokisikia kikimpisha, akihema, kila pumzi nusu ya ile iliyotangulia, mpaka akafika juu ya ngazi na kumwona mumewe pale chini amesimama na koti lake, uso umenawiri, kifua kinapanda na kushuka bila taabu yoyote.

"Ulimpa jina la mama yangu," alisema Asmahan.

Hafidh aligeuza uso.

"Ulisema ni ulimi."

"Kiliniuliza nyumbani ni nani," alisema Hafidh. Alisema taratibu, akitazama zulia. "Nikasema mke wangu. Kikasema hakichukui jina tupu, kinataka na la mama. Asmahan, nilikuwa nazama. Hujui kuzama pakavu kulivyo."

"Najua. Ulinifunza."

"Nilijua wewe utakiweza. Wewe unasali. Wewe siku zote ndiye mwenye nguvu."

Bi Sikuzani alitokea nyuma ya Asmahan, ameshika ukuta. "Kusoma kwangu hakutoshi hapa, Hafidh. Kitu kilichokaribishwa na mwenye nyumba hakifukuzwi na mgeni mwenziwe. Panda. Simama mlangoni pa chumba chake, useme unaondoa neno lako. Hakiwezi kukupita kumfikia ila ukikataa kusimama."

"Na kikipita?"

"Hapo utakuwa umefanya la mume."

Asmahan alinyoosha mkono kumwelekea mumewe. Hakuwa na pumzi ya kusema, lakini alitaka aje. Uchungu wenyewe ulikuwa huo, kwamba hata sasa angempokea, angemsamehe mara ya pili kama angeona mguu wake unapanda tu. Hafidh aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Akaweka wa pili. Mtu huyu aliyekwenda upande wa pili wa dunia kutafuta pa kupanda alisikia hewa ikipungua kidogo kifuani mwake, kidogo tu, akarudi chini haraka akashika komeo la mlango.

"Mwitike, Asmahan," alisema, na sasa alikuwa ananong'ona kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Asmahan binti Mkejina. Mwitike tu, yaishe."

Bi Sikuzani alisema jina la Mungu. Asmahan alishusha mkono. Alimtazama mumewe kwa muda, kisha akageuza kichwa kule chumbani, kwenye lile alilokuwa halitazami, na wakati huu akalitazama.

"Abee," aliitika.

Taa zilirudi karibu. Makaa ndani ya kisahani yalishika yote mara moja, na moshi ukapanda juu wima. Bi Sikuzani aliziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Asmahan alisimama bila kushika kitu, midomo yake myekundu, akavuta pumzi ndefu, ya raha, ya mtu aliyetoka kuoga, akaanza kuteremka. Hakuwa na haraka. Kwenye kila ngazi alikanyaga yeye, na nyuma yake ngazi ile ile ililia tena kwa uzito wa mwingine.

Alimfikia Hafidh, akamfunga kifungo cha koti kilichoachwa wazi, kama alivyomfanyia asubuhi zote anapokwenda kazini.

"Usiogope," alimwambia. "Wewe hukuwahi kuniuliza. Yeye ameniuliza ninataka nini."

"Ukamwambia nini?"

Hilo ndilo alilotaka kuuliza Hafidh. Alifungua mdomo ayatoe maneno, lakini pumzi ya kuyasemea haikuwepo.