Mlima Ambao Kompyuta Haikuujua

Nkasiogi aliishi Lemara, Arusha, pamoja na mumewe Yiamat, watoto wao wawili na baba mkwe wake, Mzee Lengai. Kila alfajiri alikamua ng'ombe, akachemsha chai, kisha akaliwahi basi la shamba la maua la Usa River. Huko alikata waridi mpaka saa nane. Mikono yake ilijaa mikwaruzo ya miiba, lakini ilikuwa hodari.

Jioni mikono hiyohiyo ilishika penseli. Siku nne kwa wiki Nkasiogi alitembea hadi Sokon I, kwenye kituo cha elimu ya watu wazima. Aliacha shule akiwa darasa la nne. Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, naye alijiandaa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi.

Alikuwa na sababu. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mashamba ya maua yakiongezeka kando ya barabara ya Moshi. Shamba lake lilijenga banda jipya la kufungashia maua, la kufunguliwa mwezi wa kwanza. Ndani kungekuwa na kivuli, meza na mizani. Wafanyakazi wake wangepima, wangeandika lebo na kusoma maagizo. Msimamizi alisema wazi kwamba atakayeleta cheti cha elimu ya msingi atafikiriwa, na asiye nacho atabaki kwenye miiba. Banda halingemngoja mtu mwaka mzima.

Mwaka huohuo kituo kilipata kompyuta moja. Iliwekwa ofisini, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya nyumbani kwa watu. Mwalimu Abdulhalim, mkuu wa kituo, alitembea siku hizo kama mtu aliyepata mtoto. Aliwaambia wanafunzi wake sitini kwamba mtihani wa majaribio wa Maarifa ya Jamii utasahihishwa na kompyuta. Zamani walingoja matokeo majuma matatu. Safari hii watangoja siku mbili.

Darasa zima lilichangamka. Sifael, fundi viatu aliyekaa dawati la nyuma, aliuliza kama kompyuta hiyo inakunywa chai, maana yeye angependa kuikaribisha kabla ya kusahihisha.

"Haijui chai wala haijui ndugu," alijibu Mwalimu. "Hata mimi mwenyewe hainijui."

Watu walicheka. Kisha Mwalimu akataja jambo zito. Atakayepata alama hamsini ataandikwa kwenye orodha ya mtihani wa mwisho. Orodha itapelekwa mjini Ijumaa saa kumi jioni. Asiyefika hamsini atajaribu tena mwaka ujao.

Mtihani ulifanyika Jumatatu. Nkasiogi alijibu swali baada ya swali, penseli ikikimbia. Alipofika swali la tisa, nusura acheke kwa furaha. Liliulizwa hivi: Taja mlima wenye volkano hai nchini Tanzania. Eleza ulipo, madhara yake mawili na faida yake moja.

Nani angeujua mlima huo kumshinda yeye? Alizaliwa karibu na Ziwa Natron. Mlima huo ulisimama mbele ya boma la baba yake. Alipokuwa mtoto aliwahi kuona majivu yake yakifunika malisho, hata mbuzi wakakataa majani. Aliandika mpaka mistari ikaisha, akaendelea pembeni mwa karatasi.

Jumatano jioni matokeo yakabandikwa ukutani. Sifael alipata sitini na moja, akazunguka uwanja mzima akiwasalimia watu upya. Nkasiogi alilitafuta jina lake kwa kidole. Alipata arobaini na sita.

Zamda, karani wa kituo, alimpa karatasi yake na orodha ya alama iliyotoka kwenye kompyuta. Nkasiogi aliisoma akiwa amesimama chini ya dirisha. Swali la kwanza, alama zote. La pili, alama zote. Alishuka hadi la tisa, lenye alama nane, akakuta sifuri.

Alizikunja karatasi mara nne, akaziweka kwenye kanga, akarudi nyumbani.

Yiamat alimwona akikoroga uji ambao ulishaiva. Alimwomba karatasi, akaziweka karibu na taa, akasoma swali la tisa polepole. Halafu akaangalia nje, kule baba yake alikokuwa akiwafungia ndama, na akateremsha sauti.

"Mama Nasieku, umeandika 'mlima wa Mungu' mara tano. Jina lake hukuandika."

"Ningeliandikaje?" Nkasiogi alijibu. "Wewe unajua."

Yiamat alijua. Mlima ule huitwa Oldonyo Lengai. Naye baba mkwe wa Nkasiogi ni Lengai. Kwa desturi ya ukoo wao, mke hatamki jina la baba wa mumewe. Siku ya harusi Mzee alimpa Nkasiogi ng'ombe, na tangu siku hiyo waliitana Pakiteng, yaani watu waliopeana ng'ombe. Kwa miaka kumi na mbili jina lile halikupita mdomoni mwa Nkasiogi. Siku ya mtihani hata mkono wake ulilikwepa. Hakufikiri. Uliruka tu, kama mtu anavyoruka dimbwi njiani.

Yiamat alimwambia arudi kwa Mwalimu akaeleze. Nkasiogi alitikisa kichwa. Angeelezaje jina asiloweza kulitamka? Aliona afadhali akae na miiba yake. Yiamat hakubishana naye, ila baada ya chakula alitoka nje akakaa na baba yake, wakaongea muda mrefu kwa sauti ya chini.

Ijumaa Nkasiogi alipoteremka kwenye basi la shamba, Mzee Lengai alikuwa anamngoja barabarani. Alivaa shuka yake safi na koti la kanisani, na karatasi za mtihani zilikuwa mfukoni mwake.

"Pakiteng," alisema Mzee, "leo nakwenda shule."

Walitembea hadi Sokon I, Mzee mbele, Nkasiogi nyuma, na kwa miguu mirefu ya Mzee, Nkasiogi nusura akimbie. Walifika saa tisa na nusu. Zamda alikuwa anaandaa bahasha ya orodha. Mzee akampa Nkasiogi zile karatasi, akasema atangoja barazani kwanza.

Nkasiogi aliingia, akamwamkia Mwalimu shikamoo, akaweka karatasi mezani. Mwalimu Abdulhalim hakukasirika. Aliifurahia kompyuta yake kiasi kwamba hata malalamiko juu yake yalimpa hamu ya kueleza. Alimvutia kiti, akafungua kitabu chembamba chenye jalada la kijani.

"Huu ndio mwongozo wa usahihishaji," alisema. "Unatoka kwa watunga mtihani. Kila swali limeandikiwa hoja zake, na kila hoja alama zake. Mimi nikisahihisha, naufuata huu. Kompyuta nayo inaufuata huu."

Alimweleza kazi inavyokwenda. Zamda huchapa majibu ya kila mwanafunzi kama yalivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Kompyuta hutafuta ndani ya jibu yale maneno ambayo mwongozo umeyataja. Ikiyakuta, inatoa alama. Isipoyakuta, haitoi. Haichoki ikifika karatasi ya hamsini kama mwalimu anavyochoka. Haimpunguzii mtu kwa sababu mwandiko wake ni mbaya. Lakini jambo ambalo haikuambiwa, hailijui.

"Sasa tazama swali la tisa," Mwalimu aliendelea. "Mwongozo unasema asiyetaja mlima sahihi asipewe alama za sehemu zinazofuata. Kompyuta haikuona jina, ikafunga mlango. Na mengine yote uliyoandika yako ndani, mazuri kabisa. Mimi nakuuliza kama mwalimu. Mlima unaoueleza hapa ni upi?"

Nkasiogi aliinamisha kichwa.

"Ni ule wa Natron," alisema.

"Jina lake?"

Alifungua mdomo, akaufunga. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa kumi kasorobo. Zamda alishalamba gundi ya bahasha, akabaki ameishika wazi, akimtazama.

Mlango ukasukumwa. Mzee Lengai akaingia akiwa ameshika fimbo.

"Mwalimu, usimsumbue binti huyu," alisema. "Jina unalomuuliza ni langu."

Mzee akaketi bila kukaribishwa, akaeleza desturi yao kwa maneno machache. Mwalimu alisikiliza, na taratibu uso wake ukaanza kung'aa. Aliitazama karatasi, akamtazama Nkasiogi, akaitazama tena karatasi.

"Kwa hiyo mlima wa Mungu ndilo jina lenyewe, kwa Kiswahili," alisema.

"Ndilo," alijibu Mzee. "Sisi tunasema Oldonyo Lengai. Mkiligeuza kwa Kiswahili ni mlima wa Mungu. Binti hakukosea."

Mwalimu alifungua mwongozo ukurasa wa mwisho, akamsogezea Nkasiogi ausome mwenyewe. Nkasiogi alisoma kwa sauti ya chini, neno moja moja. Mwongozo ulisema kwamba jibu lenye maana ileile likubaliwe. Ulisema pia kwamba mwanafunzi asiyeridhika aombe karatasi yake isomwe upya na walimu wawili, ndani ya siku tatu.

"Mbona hatukujua haya?" aliuliza.

Mwalimu alikuna kidevu. Alikiri kwamba kosa lilikuwa lake. Furaha ya mashine ilimsahaulisha kuwasomea ukurasa huo. Akampa Nkasiogi karatasi nyeupe aandike ombi lake. Nkasiogi aliandika mistari mitatu. Hakuandika kirefu wala hakuzunguka. Alisema anaomba swali la tisa lisomwe upya, akaeleza sababu, akatia sahihi.

Mwalimu wa hesabu aliitwa kutoka darasani. Wawili hao walisoma jibu, kila mmoja kivyake, mwongozo ukiwa katikati yao. Mlima, sahihi. Mahali, sahihi. Majivu kuharibu malisho, sahihi. Faida ya udongo wenye rutuba, sahihi. Dhara moja tu halikueleweka vizuri, wakalinyima alama. Saba kati ya nane. Arobaini na sita ikawa hamsini na tatu.

Zamda hakungoja kuambiwa. Aliandika jina la Nkasiogi mwisho wa orodha, akachapa pia maneno "mlima wa Mungu" katika kompyuta, chini ya jibu la swali la tisa. Kisha akaiagiza mashine isahihishe upya swali hilo kwa watu wote. Printa ikaanza kukwaruza. Wanafunzi waliokuwa nje walijazana dirishani. Mama mmoja wa Usa River, aliyeandika maneno hayohayo, alipanda kutoka arobaini na nane hadi hamsini na nne, jina lake likaongezwa kwenye orodha, naye akakaa chini kwenye majani akijipepea na daftari. Sifael alipenyeza kichwa akauliza kama na yake imepanda. Ilibaki sitini na moja.

"Basi isomeni na ya kwangu kwa jicho la huruma," alisema.

"Jicho la huruma halimo kwenye mwongozo," alijibu Zamda, akafunga bahasha.

Mwalimu alipumua. Kisha akamgeukia Nkasiogi, na sasa alizungumza kwa upole.

"Mtihani wa mwisho utasahihishwa mbali. Huko hakuna anayemjua Mzee. Hakuna atakayekuuliza ulimaanisha nini. Msahihishaji atakuwa na karatasi yako na mwongozo wake, basi. Utafanyaje?"

Aliyejibu ni Mzee.

"Mlima ulikuwa na jina hilo kabla sijazaliwa," alisema. "Baba yangu aliliazima tu akanipa. Pakiteng, mdomo wako uendelee kuniheshimu. Mkono wako nimeuruhusu. Andika."

Akainuka, akaenda mlangoni, akawapa mgongo. Alisimama akiutazama Mlima Meru kana kwamba ameona ng'ombe wake huko. Nkasiogi akachukua penseli na karatasi tupu. Aliandika herufi ya kwanza, akasita. Akaandika ya pili. Alipomaliza, neno zima lilikuwa mbele yake, na hakuna kibaya kilichotokea. Zamda alikuwa analia kidogo, akisingizia vumbi la printa.

Tangu siku hiyo Mwalimu Abdulhalim hakuanza mtihani wowote bila kuusoma ukurasa ule wa mwisho mbele ya darasa. Aliwafundisha kutaja kwanza kitu kinachoulizwa, kwa jina lake, kisha waeleze. Na kabla kompyuta haijaanza kusahihisha, walimu walikaa pamoja wakafikiri watu wa Arusha wangeweza kulisema jibu hilo kwa njia ngapi, wakaziingiza zote zilizo sahihi.

Nkasiogi alifanya mtihani wa mwisho mwezi wa kumi na moja, akafaulu. Banda jipya lilipofunguliwa, alikuwa mmoja wa wanawake wanne waliopewa meza. Akawa anaandika lebo za maua yanayopanda ndege, na mikwaruzo mikononi ikapona.

Lakini jioni bado alishika penseli, kwa sababu nyumbani alikuwa na mwanafunzi. Siku ile, wakirudi kutoka Sokon I, Mzee Lengai aliiomba karatasi ile yenye neno moja. Aliitazama njia nzima. Alitaka kujua kama kweli ni yeye aliye pale.

Walianza na herufi moja moja, barazani, jua likiwa bado lipo. Baada ya majuma machache Nkasiogi aliitandaza karatasi ileile juu ya goti lake. Neno lile hakulitamka. Aliliwekea kidole tu, akangoja.

Mzee aliinama. Midomo yake ikasogea kwanza bila sauti. Kisha akalisoma, lote, kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani.

"Lengai."

Nkasiogi akainamisha macho kwa heshima, akatabasamu, akamwekea tiki.