Nani Ameshika Uzi?

Lilikuwa limebaki tawi moja tu. Tawi nene, limelalia bati la kiwanda kidogo cha mikate, na mwenye kiwanda alikuwa amenipigia simu mara nne wiki hii. "Fundi, njoo umalizie kazi yako." Kazi yangu! Mti ule nilikuwa nimeapa sitausogelea tena maishani. Lakini mvua zilikuwa zinakaribia, tawi linakwaruza bati usiku kucha, na mama wa watu ana oveni zake pale chini. Nikamwambia haya, nitakuja jioni, wafanyakazi wakishatoka.

Nikaenda na shemeji.

Shemeji huyu ni mke wa kaka yangu. Niseme marehemu kaka yangu, maana mpaka leo ulimi unakataa kuzoea. Tangu kaka afariki, yeye ndiye anayenishikia kamba chini, na sijapata kuona mshika kamba makini kama yeye. Watu wananiita Kiberiti kwa sababu nawaka upesi. Yeye peke yake ndiye anayeweza kuniambia "punguza moto" na nikapunguza kweli.

Kaka alianguka kutoka kwenye mti huohuo. Mwaka jana, jioni kama hii ya leo.

Ngoja niwaeleze kazi yetu kidogo, bila hivyo hamtaelewa kilichonipata. Mpanda miti anashikiliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni mshipi, utepe mfupi wa kiunoni unaouzungusha kwenye shina. Cha pili ni kamba ndefu, ambayo huko juu inashikwa na nanga: utepe mgumu wenye pete mbili, umezungushwa kwenye tawi, pete ndogo imepita ndani ya pete kubwa. Uzito wako ndio unaoikaza. Na kwenye nanga kuna uzi mwembamba unaoshuka hadi chini. Kazi ikiisha, aliye chini anavuta uzi, nanga inafunguka, inadondoka yenyewe. Hakuna haja ya kupanda tena kuifuata.

Sasa sikilizeni. Ukiwa umening'inia, uzi hata avute ng'ombe, nanga haifunguki. Lakini ukisimama kwenye tawi, kamba ikalegea, hata mtoto anaweza kuifungua kwa kidole. Na wewe huko juu huna habari. Unajiegemeza nyuma kama ulivyozoea... na nyuma hakuna kitu.

Ndiyo maana kaka aliweka sheria. Aliye juu akishahamia nanga nyingine, autikise uzi mara tatu. Aliye chini aulize kwa sauti, "Umehama?" Akijibiwa "nimehama," ndipo avute. Kaka hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa sheria hiyo alikuwa anagomba. Sheria hiyo, na neno lake la kila siku kabla hatujaanza chochote: "Jifunge kwanza. Mengine baadaye."

Msibani niliwaambia watu kwamba uzi ulitikisika mara tatu mkononi mwangu. Nikasema niliuliza, nikajibiwa, na sauti iliyonijibu haikuwa ya kaka. Mti ule una wenyewe, nikasema. Kuna mtu wa kishirikina amefunga mambo yake mle. Watu wakashika vichwa. Shemeji akanishika mkono huku analia, akaniambia, "Si kosa lako."

Uongo mtupu. Uchawi ule niliutunga mwenyewe, pale pale kwenye mkeka, macho makavu.

Kwa hiyo jioni ya leo, mlinzi wa kiwanda aliponidaka getini, nilitaka kucheka. Tunamwita Redio, hazimiki.

"Kiberiti! Umerudi kwenye mti wako? Mimi giza likianza kuingia, upande ule sikanyagi. Kuna mtu hushuka."

"Anashuka kutoka wapi?"

"Ndiyo hapo sasa," akasema Redio, akipunguza sauti. "Kila jioni anashuka. Sijawahi kumwona akipanda."

Shemeji aliinamisha kichwa, akapita. Mimi nilijichekea moyoni. Hadithi yangu mwenyewe ilikuwa imenirudia, imetiwa chumvi.

Jambo jingine, na hili shemeji hakulijua. Nanga niliyokuja nayo niliitengeneza kwa mshipi wa kaka. Ndiyo, ule ule aliokuwa nao siku alipoanguka. Mshipi haukuwa na kosa. Siku ile alikuwa ameufungua kidogo tu ili auzungushe upande wa pili wa tawi. Utepe wake ulikuwa mzuri kuliko wowote nilionao, na mimi si mtu wa kutupa kitu kizima. Nilikata ncha iliyochakaa, nikashona pete kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili, nikafunga uzi, nikaujaribu kwa magunia ya mchanga siku tatu. Ulishika vizuri sana.

Nikarusha kamba, nikapandisha nanga, nikapanda.

Huko juu kulinukia mkate. Harufu nzuri, ya joto. Nilifika kwenye tawi, mita kumi na mbili hivi, nikasimama juu yake. Jua lilikuwa limeshazama na majani yalikuwa yamefunika kila kitu chini. Sikumwona shemeji, sikuliona benchi tulilowekea vifaa. Nikafungua mshipi wangu niuzungushe upande wa pili.

Hapo harufu ya mkate ikakatika.

Ikaja harufu ya kafuri.

Kaka alikuwa na bega bovu. Kila siku kabla ya kupanda alijipaka dawa ya kuchua, ile kali ya kafuri inayowasha macho. Mwaka mzima sikuwa nimeinusa. Nikasimama na mshipi mkononi kama zuzu.

Uzi ulikuwa unapita karibu na shavu langu.

Ukatikisika. Mara moja.

Mara mbili.

...Mara tatu.

"Umehama?"

Mnong'ono. Nikajua ni shemeji.

"Bado!" nikasema. "Usiguse uzi, nimesimama!"

Kisha, taratibu:

"Siku ile... uliuliza?"

Kwa nini aniulize hilo sasa, mimi nikiwa nimesimama juu ya tawi, kamba imelegea, mshipi uko wazi?

"Niliuliza! Nimekwambia mara ngapi?"

Uzi ukakaza. Juu ya kichwa changu pete ikasaga pete. Krrr. Nikauvuta mshipi niufunge; mikono ilikuwa imelowa jasho, kulabu yake ikagonga, ikateleza, ikagonga tena, ikakataa kuingia.

"Uzi ulitikisika mara ngapi?"

"Shemeji, tafadhali..."

Krrr.

"Mara ngapi?"

Nilimwona kaka. Simaanishi mzimu, namaanisha nilimkumbuka vile alivyojiegemeza nyuma siku ile, kwa amani kabisa, akiniamini mimi mdogo wake.

"Haukutikisika!" nikapiga kelele. "Hakuutikisa! Sikuuliza! Mechi ilikuwa inaanza saa moja, nilitaka tufungashe tuondoke. Nilidhani ameshahama. Nilivuta mimi! Mungu wangu, nilivuta mimi..."

Nililia, jitu zima, nimekumbatia tawi. Sikumbuki kama niliwahi kulia hivyo hata msibani, na nadhani msibani sikulia kabisa.

Uzi ukalegea.

"Jifunge kwanza," ule mnong'ono ukasema. "Mengine baadaye."

Kulabu ikaingia mara moja. Tak.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Mtu aliye chini mita kumi na mbili akinong'ona, aliye juu hawezi kumsikia. Tunapiga kelele mpaka koo zinakauka. Mnong'ono ule nilikuwa nausikia sikioni, na pumzi yake ilikuwa baridi.

Sikukata tawi. Sikukata hata kijiti. Nilining'inia kwenye kamba, nikashuka mbio mpaka viganja vikachubuka.

Chini hapakuwa na mtu.

Nilikuwa bado nimesimama pale nahema, nikaona mwanga wa tochi unakuja kutoka getini. Ni shemeji.

"Mbona umeshuka? Tawi si bado liko pale?"

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Redio, kuazima tochi. Giza si hili linaingia? Nilikuuliza niende, ukanijibu niende."

"Nilikujibu mimi?"

"Ukasema, 'Nenda tu.' Uzi nikaufunga kwenye mguu wa benchi, nikaenda." Akanimulika usoni. "Shemeji, una nini? Macho mekundu hivyo?"

Sikuwa nimeulizwa chochote. Sikuwa nimejibu chochote. Nikafungua mdomo nimwambie, lakini tochi yake ilikuwa imeshateremka kwenye benchi, ikagandia pale.

Uzi haukuwa umefungwa kwenye mguu wa benchi. Sehemu yake iliyozidi ilikuwa imekunjwa juu ya ubao, umbo la nane, duara juu ya duara, na ncha yake imezungushwa katikati mara tatu. Aliyekuwa akikunja hivyo ni mtu mmoja tu, kaka. Mimi sijui, sikuwahi kuwa na subira ya kujifunza.

"Nani amekunja hivi?" shemeji akauliza, kwa sauti ndogo. "Mwaka mzima najaribu, inanishinda."

Akanigeuzia tochi.

"Huko juu ulikuwa unapiga kelele. Tumekusikia mpaka getini, ila maneno hayakufika vizuri. Ulikuwa unaongea na nani?"

Nafasi ilikuwa hiyo. Nilikuwa nimeshayasema yale maneno mara moja. Kuyasema mara ya pili kungekuwa na ugumu gani? Alikuwa amesimama mbele yangu, mjane wa kaka yangu, mtu aliyenishika mkono na kuniambia si kosa lako. Mwaka mzima watu wanamsengenya mumewe kwamba alichezea miti ya wenyewe. Neno moja tu na angepumzika.

"Na simu," nikasema.

Juu, ndani ya giza la majani: krrr.

Nanga ikadondoka. Ilitua katikati yetu, pamoja na kamba yote, na hakuna aliyekuwa ameugusa uzi. Wote wawili tulikuwa tumesimama mikono mitupu, isipokuwa tochi.

Shemeji akainama, akaiokota. Akapitisha kidole gumba kwenye mishono yangu mipya, kwenye pete kubwa, kwenye pete ndogo, kisha kwenye utepe wenyewe, mpaka akafika kwenye alama ndogo iliyochomwa kwa msumari wa moto. Kaka alichoma alama hiyo kwenye vifaa vyake vyote. Nilikuwa nimeisahau kabisa, wallahi.

Aliitazama kwa muda mrefu. Akaivaa nanga shingoni, akachukua uzi uliokunjwa akiushika kwa mikono miwili ili usifunguke, akaondoka. Redio alimsemesha getini. Hakumjibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Redio naye akanyamaza.

Sijui nini kilikuwa juu ya ule mti. Labda ni kaka. Labda ni kitu nilichokiita mwenyewe kwa uongo wangu, kikapata pa kukaa. Kuna saa nyingine nafikiri kwamba shemeji hakwenda popote, kwamba alisimama chini ya mti muda wote, na alisikia kila neno. Halafu nakumbuka ile pumzi ya baridi.

Nimefika nyumbani, nimefunga mlango, nimekaa kitandani na viatu. Dakika kumi zilizopita simu imelia. Ujumbe wa shemeji.

"Kesho asubuhi kuna ule mti wa shule. Nanga ninayo mimi. Uzi nitaushika mimi. Jifunge kwanza, mengine baadaye."

Hajawahi kulitumia neno hilo. Hata siku moja. Kaka alikuwa analisema kwangu tu, chini ya mti.

Nimeandika "Sawa," nikafuta. Nimeandika "Nilivuta mimi." Yamekaa hapo kwenye kioo, maneno mawili tu, na chumba chote kimeanza kunuka kafuri.

Bado sijatuma.