Kabati la Kwao Chimène

Kila Jumatatu asubuhi, wanafunzi wa darasa la sita la shule moja mjini Kasongo walifagia uwanja kabla ya kuingia darasani. Jumatatu hiyo Hawa aliingia wa mwisho, daftari amelibana kwapani.

Wiki iliyotangulia, Mwalimu Fidèle alikuwa amewafundisha juu ya biashara ya triplex, zile mbao nyembamba ambazo mafundi hupigilia nyuma ya kabati. Alitaka wajue ni nchi gani, Uganda au Tanzania, iliyoleta triplex nyingi zaidi mtaani kwao kwa miaka kumi. Kila mwanafunzi alipewa nyumba sita. Alipaswa kuomba ruhusa, kusogeza kabati, kusoma muhuri wa nchi, na kuuliza lilitengenezwa mwaka gani.

Hawa alifika nyumba mbili tu. Jua lilikuwa kali, na wenzake walikuwa wakiruka kamba. Alikaa kivulini akazijaza nne zilizobaki kwa kubuni.

Sasa Mwalimu alichora ubaoni mistari miwili ya hesabu ya kila mwaka, mweupe wa Tanzania na mwekundu wa Uganda. Zamu ya Hawa kusoma alichokusanya ikafika.

"Kwa Mama Régina, kabati moja," alisoma. "Triplex ya Uganda, mwaka elfu mbili na kumi na nane."

"Kumbe kwa kina Chimène iko kabati," Joël alisema kutoka nyuma. "Na kila siku anasema hawana hata kiti."

Darasa likacheka. Chimène, binti wa Mama Régina, alisimama polepole.

"Kwetu hakuna kabati, Mwalimu. Tulipokimbia vita kutoka Salamabila, mama alibeba sufuria na mtoto. Na hakuna mtu aliyekuja kutuuliza."

Kicheko kikakatika. Hawa alifunga daftari. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hawa, ulifika?" Mwalimu aliuliza.

"Sikufika, Mwalimu. Hata nyumba tatu nyingine sikufika."

Mwalimu alifuta alama zake nne za kubuni, zote za Uganda, na mstari mwekundu ukashuka. Chimène alitazama dirishani, hakumgeukia Hawa hata mara moja. Hilo lilimuuma Hawa kuliko fimbo.

Baada ya masomo alikwenda kwa Mama Régina, akamkuta akimenya mihogo.

"Mama, niliandika uongo juu ya nyumba yenu. Naomba unisamehe."

"Mimi uliniandikia kabati tu," Mama Régina alijibu. "Aliyechekwa ni Chimène. Yuko nyuma, anatwanga."

Hawa alikwenda nyuma, akaomba msamaha huku akitazama chini. Mchi uliendelea kugonga. Kisha ukanyamaza.

"Zimebaki nyumba ngapi?" Chimène aliuliza.

"Tatu."

"Ningoje nimalize. Peke yako hutaweza kusogeza makabati."

Kesho yake Hawa alisoma upya, na kwa Mama Régina alisoma: hakuna kabati. Sasa mistari ilionyesha jambo ambalo uongo wake ulificha: mtaani kwao Uganda iliongoza mwanzoni, lakini miaka ya karibuni Tanzania ilikuwa imeipita.

Mwalimu Fidèle aliweka chaki mezani.

"Namba za kubuni zilitupotosha sote," alisema, "na moja ikamuumiza mwenzenu. Mkiandika juu ya nyumba, kumbukeni kuna watu ndani yake. Kama hukufika, andika kwamba hukufika. Hapo nitakuamini hata siku utakayoniletea jibu nisilolitazamia."