Plasta ya Bi Mwanahawa

Herufi A ndiyo iliyoanza vituko. Ilikuwa asubuhi ya masika, Hosiana anamchapia kijana mmoja barua ya kazi, macho kwenye karatasi, vidole vinajiendea vyenyewe. Alipoinua uso kuangalia skrini akakuta imeandikwa "Nqo,bq kqwi".

"Dada," kijana akasema, "hapo naomba kazi au namtukana bosi?"

Wakacheka. Hosiana akafuta, akachapa upya, yakatoka yale yale. Akamwita fundi Luqmani wa duka la redio ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa amekaa Dar kidogo akarudi anajua kompyuta, au anasema anajua.

Tusiionee mashine, ilikuwa mtumba. Miaka ile milango ya nchi ilishafunguliwa, viwanda vinauzwa, watu wanapunguzwa kazini, na meli zinashusha kila kilichochokwa Ulaya. Hii ilitoka Ubelgiji, na kibodi yake ilipangwa kwa waandikao Kifaransa. Penye A yetu wao wana Q, penye Z wana W, na M wameisogeza pembeni kabisa. Luqmani akaonyesha kiboksi kidogo chini ya skrini kilichoandikwa FR, akabofya, kikarudi EN kama siku zote.

"Basi, imekwisha," akasema. "Ila ukigusa Alt na Shift kwa pamoja bila kukusudia, inarudi kwao. Halafu herufi zilizochorwa kwenye vitufe ni za uongo. Wewe huzitazami, hazikuhusu. Lakini huyu atapotea. Bandika plasta juu, uandike za kwetu."

"Huyu" alikuwa Mwamvita, msichana mpole aliyekuwa anajifunza kuchapa pale ofisini. Na ofisi yenyewe, hapo Mwembesongo, haikuwa ya Hosiana. Ilikuwa ya Bi Mwanahawa, mama mkubwa wa Mwamvita, Mluguru wa Kinole, mchapaji wa kiwandani aliyepunguzwa kazi akaja kufungua meza yake na taipureta yake. Ndiye aliyemwokota Hosiana alipokuja kutoka Upareni hana ndugu mjini, akamlaza, akamlisha, akamfundisha kazi. Alikuwa anafunika vitufe vyote kwa plasta nyeupe, kila kipande amekikata kona mviringo, ili mwanafunzi asichungulie. "Macho kwenye karatasi, mwanangu," alikuwa akisema. "Vidole vina akili yao."

Bi Mwanahawa alikuwa amefariki masika hayo hayo, kule kwao mlimani alikorudi kupumzika, na arobaini ilikuwa bado.

Watu wa mtaa walijua kwamba yule mama ana mtu wake. Jini wa ukoo, kamrithi kwa mama yake, naye kamrithi kwa bibi. Hakuwa mbaya. Alikaa kwenye droo ya meza, Alhamisi anafukiziwa udi, anawekewa karafuu, na wanaosema wanasema ndiye aliyeipa mikono ya Bi Mwanahawa ile kasi. Baada ya mazishi kaka wa marehemu, Mzee Pazi, alishuka mjini akaifunga droo kwa kitambaa cha kaniki. "Isiguswe mpaka arobaini," akasema, na Hosiana akaitikia kwa heshima zote.

Sasa sikia ujinga. Duka la dawa lilikuwa jirani tu, plasta imejaa. Lakini mvua inapiga, mteja wa katiba ya kikundi anasubiri, na Hosiana anajua ndani ya droo ile mna roli ya plasta iliyotumika nusu. Akamtuma Mwamvita maandazi ili asione. Akafungua fundo, akavuta, harufu ya karafuu ikamjaa puani. Akachukua roli, akafunga tena. Fundo halikukaa kama la mzee.

Ah, nisiwafiche jambo ambalo Hosiana aliwaficha wote. Siku kompyuta ile ilipofika, mtaa mzima umejaa mlangoni kuitazama, alikuja muuza ndizi wa Kinole. "Bi Mwanahawa mgonjwa, hawezi kutembea. Anasema uje na gari umshushe hospitali. Anasema wewe ndiye mwanawe wa mjini." Hosiana alikuwa na waya mkononi. "Mwambie nakuja Jumamosi," akajibu. Jumamosi wateja wakapanga foleni. Jumamosi iliyofuata pia. Kisha ikaja habari ya msiba. Muuza ndizi akahamia Gairo kwenye karanga, na hakuna mwingine aliyejua. Msibani Mwamvita alilia mapajani mwa Hosiana: "Dada, ungejua ungemfuata." Naye akamshika kichwa akasema, "Ningejua, mdogo wangu. Ningejua."

Basi, siku ile ya droo Hosiana alibandika plasta, akaandika herufi kwa kalamu ya wino. Akakaa kuchapa. A ikatoka Q.

Akatazama kiboksi. EN. Akamwita Luqmani, Luqmani akachapa, herufi zikatoka safi. Mwamvita akachapa kwa kidole kimoja, zikatoka safi. Hosiana akaweka mikono, zikageuka.

"Unagusa Alt wewe," Luqmani akasema.

"Sigusi! Nitazame."

Akamtazama, na ni kweli hakugusa. Luqmani akaufuta kabisa mpangilio wa Kifaransa usibaki hata jina. Ikawa vile vile. Akaizima mashine, akaiwasha, akachomoa waya wa kibodi, akaupuliza, akauchomeka. Vile vile. Mwishowe akaagiza Dar kibodi mpya ya Kiingereza, ikaja kwenye boksi lake, haihitaji plasta wala nini. Siku ile Hosiana alichapa mpaka jioni bila kosa hata moja, akafunga ofisi anaimba pambio.

Kesho yake akafungua mlango. Kibodi mpya ilikuwa imefunikwa plasta kila kitufe, nyeupe, hazina herufi, kona zimekatwa mviringo.

"Wewe ndiye uliyebandika?" akamuuliza Mwamvita, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Hapana, dada. Ufunguo unao wewe." Mwamvita akasogea, akainamia kibodi, akanusa. "Dada... mbona inanukia mama mkubwa?"

Jioni hiyo, mvua haijakatika na ukungu umeshuka kutoka Uluguru mpaka kwenye mabati ya Mwembesongo, umeme wa mgao ukakatika, skrini ikafa, feni ikasimama, na wale wawili wakakaa wakisubiri mvua ipungue waende nyumbani, Mwamvita amejifunika khanga mabegani, Hosiana anatafuta kiberiti kwenye mkoba, na hapo ndipo waliposikia tak, tak, tak-tak, polepole kwanza, halafu kwa haraka, halafu kwa ile kasi ambayo mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa nayo, na kwenye mwanga hafifu wa mlangoni wakaviona vitufe vinashuka na kupanda chini ya plasta zake, hakuna mkono juu yake, hakuna umeme ndani yake, na mwisho wa kila mstari vinanyamaza kidogo, kama mtu ameinua kichwa kusikiliza gari barabarani, kisha vinaanza upya.

"Anachapa nini?" Mwamvita akanong'ona.

"Usiulize."

"Dada, anamsubiri nani?"

Hosiana alijua, akaendelea kutafuta kiberiti.

Mzee Pazi akaletwa. Hakuitazama kompyuta hata kidogo, alitazama fundo la kaniki. "Shikamoo, mzee," Hosiana akasema. "Marahaba. Nani kafungua?" Hosiana akainamisha kichwa.

Mzee akavuta kigoda, akakaa. Hakugomba, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Binti, huyu wa kwenye droo hajaambiwa kwamba mwenyewe, dada yangu, amekufa. Ndiyo maana tulimfunga. Arobaini ikifika tunamwambia kwa adabu, kisha tunamwomba arudi mlimani akapumzike. Wewe umemwamsha katikati. Anamwita mwenyewe, mwenyewe haji. Anakuta mikono iliyofundishwa na dada yangu, anaigusa, anakuta siyo."

"Atoke vipi, mzee?"

"Aliyemwamsha ndiye amwambie. Mwenyewe alikufaje, nani alikuwapo, nani hakuwapo na kwa nini. Yote, usimfiche. Ukimficha hatarudi mlimani. Atakwenda kukaa kwa mtoto wa kike wa nyumba yetu, amsubirie mwenyewe humo humo mwilini." Wala hakuhitaji kumtaja. Mtoto wa kike wa nyumba ile aliyekuwa pale ni mmoja, na ndiye aliyekuwa amepewa chetezo cha udi akishike.

Mchana wakafunga mlango. Udi ukajaa chumba kizima. Mzee Pazi akaweka karafuu kwenye kisahani juu ya kibodi, akaita kwa Kiluguru majina ya wanawake wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, mpaka la Mwanahawa, na plasta zikaanza kutikisika. "Haya," akasema. "Mwambie."

Hosiana akapiga magoti. Akasema Bi Mwanahawa amekufa, amezikwa Kinole, mvua inanyesha. Akasema yeye ndiye aliyefungua droo, kwa uvivu na tamaa ya kazi, anaomba radhi. Alilia kweli kweli, yale hayakuwa maigizo. Akasema Bi Mwanahawa aliugua na hakupata wa kumpeleka hospitali.

"Kwa nini hakupata?" Mzee Pazi akauliza taratibu.

Hosiana akainua macho. Mbele yake alikuwa Mwamvita na chetezo, machozi yanamtiririka, anamtazama kwa huruma, huruma tupu, mtoto aliyekuwa amebaki na yeye tu mjini. Kama angesema, mikono ya mtoto huyo isingemshika tena.

"Habari hazikufika mjini," akasema.

Vitufe vikatulia, vyote kwa pamoja. Mzee Pazi akamtazama, halafu akabandua plasta moja moja, akazifunga kwenye kaniki pamoja na roli yake. "Umesema wewe," akasema, akaondoka nazo.

Na mambo yakatengemaa, ndiyo ajabu yake. A ikawa A. Luqmani akajisifu mtaa mzima kwamba ni ile kibodi yake mpya. Mvua ikaacha, milima ikaonekana mpaka juu, wateja wakarudi. Hosiana alichapa anavyotaka, ila usiku alikuwa halali vizuri, na kila akimwona mtu wa ndizi alivuka barabara.

Mwamvita naye akaanza kushika kazi, akashika vizuri. Asubuhi moja Hosiana alikuwa anamimina chai, akasikia nyuma yake vitufe vinakwenda haraka, akageuka akitabasamu. Msichana alikuwa amekaa wima, macho kwenye karatasi, vidole havitazamwi, mistari inatiririka kwenye skrini haina kosa.

"Heee, Mwamvita! Leo umekuwa mchapaji!"

Ndipo harufu ya karafuu ikamfikia.

"Hosiana mwanangu," Mwamvita akasema bila kuinua macho, na sauti ilikuwa ya mtu mzima, imekauka kwa homa. "Jumamosi gani?"

Kikombe kikamponyoka. Mwamvita akashtuka, akageuza kichwa, uso ni wake mwenyewe, macho ni yake mwenyewe. "Dada! Umeungua? Mbona unanitazama hivyo, nimesema kitu?"

Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba. Hakukuwa na mteja. Maneno yalikuwa yamekwisha kupanda mpaka kwenye ulimi wa Hosiana, yote, muuza ndizi na waya na Jumamosi zote mbili, na mtoto anamngoja aseme, amemkazia macho kwa upendo.

"Hapana," Hosiana akasema. "Hujasema kitu. Endelea."

Mwamvita akacheka, akarudisha kichwa kwenye karatasi. Vidole vyake havikuwa vimeacha kuchapa hata mara moja.