Mayai ya Banda Lililonyamaza

Kila asubuhi, kabla ya kula chochote, Sumayiya aliingia bandani kuokota mayai. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliishi mteremkoni mwa kilima cha Kibuli pamoja na bibi yake, ambaye wote nyumbani walimwita Haboba, kama Wanubi wanavyowaita bibi zao. Kuku wao walikuwa arobaini, na kila siku walimpokea kwa kelele za kugombea pumba.

Jumamosi ile alifungua mlango na hakusikia kitu.

Kuku walikuwamo. Walikuwa wamejikusanya pembeni, shingo zimezama, macho wazi, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Hata nzi waliozoea kuvuma juu ya chombo cha maji hawakuwapo. Alipopiga hatua, kitu laini kilibonyea chini ya kandambili yake. Alikuwa mjusi. Kando yake alilala mwingine, chali, na sakafu nzima ilikuwa imetapakaa mende na sisimizi, miguu juu, kana kwamba walianguka wote kwa pamoja. Kuku mmoja akaanza kuzunguka polepole, kichwa kimepinda, bila kutoa sauti.

Viotani mlikuwa na mayai kumi na tisa, safi, bado yana joto. Sumayiya aliyaokota upesi, akatoka kinyumenyume.

Alijua kilichotokea. Wiki mbili nyuma, utitiri ulivamia banda. Wadudu wale wadogo walimtambaa mikononi, akajikuna mpaka darasani wenzake wakamcheka. Haboba alisema wamsubiri daktari wa mifugo. Sumayiya hakusubiri. Alichukua stoo dawa ambayo mjomba wake Nasur hupulizia nyanya shambani, akaichanganya na maji, akawapulizia kuku, viota na pumba. Utitiri uliporudi, alipuliza tena. Jana ilikuwa mara ya tatu, na alizidisha kipimo. Hakumwambia mtu.

"Mbona kuku hawalii leo?" Haboba aliuliza kutoka jikoni.

"Labda wamechoka, Haboba."

"Asubuhi hii?" Bibi alimtazama kidogo, kisha akageukia sufuria yake. "Haya, mpelekee Mama Sufian mayai yake. Mtoto anayasubiri."

Mama Sufian, jina lake Rashidah, alikaa nyumba ya pili. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa amedhoofika kwa malaria, na daktari aliagiza ale yai moja kila siku. Sumayiya alimkuta akimenya yai la jana. Sufian alikuwa mkekani, mdomo wazi kama kinda.

Ganda lilitoka. Yai lilikuwa jeupe, linang'aa, halina doa. Sumayiya akawaona tena wale mijusi waliolala chali. Kila siku, kwa wiki mbili, mtoto huyu amekula yai moja.

"Mama Sufian, usimpe!"

Rashidah alishtuka, akalinusa yai. "Lina nini? Mbona halijaoza?"

"Lina dawa ya wadudu. Ni mimi niliyewapulizia kuku." Na hapo machozi yakamtoka.

Haboba alipoambiwa, hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Sumayiya zaidi. Aliyaweka mayai yote kando, akawapigia simu wote waliochukua mayai wiki zile. Rashidah alimpeleka mwanawe hospitali ya Mulago. Daktari alimpima, hakuona dalili mbaya, lakini akataka arudishwe mara mbili zaidi kuangaliwa.

Mchana alifika Tarcisio, daktari wa mifugo, amevaa glavu. Aliomba kuona chupa ya dawa, akatikisa kichwa.

"Hii ni ya mimea. Kuku akiidonoa kwenye pumba, au ikipenya ngozini, inakaa ndani ya mafuta yake. Kutoka hapo inaingia kwenye kiini cha yai."

"Tukiyachemsha sana?" Sumayiya aliuliza.

"Haitoki kwa moto. Huioni, huinusi, ulimi hauionji. Ni maabara tu inayoweza kuigundua."

Alichukua mayai sita kwenda kupimwa. Majibu yalirudi: dawa ilikuwa imezidi sana kiwango kinachoruhusiwa. Kuku watatu walikufa. Wengine waliogeshwa, pumba na majani ya viota yakaondolewa, banda likasuguliwa kwa sabuni. Kila asubuhi, kwa majuma mengi, Sumayiya aliokota mayai mazuri na kuyafukia kwenye shimo refu mbali na kisima, bega kwa bega na Haboba. Halikuuzwa hata moja, wala halikuliwa, mpaka vipimo vya pili na vya tatu viliporudi safi.

Siku Tarcisio alipowaruhusu, Haboba alimketisha mjukuu wake barazani.

"Dawa ile uliipuliza kwa kutojua," alisema. "Hilo Daktari ameshakufundisha: kuku wana dawa yao, ina kipimo chake, na ina siku za kungoja kabla ya kula mayai. Lakini asubuhi ile nilikuuliza, nawe ulijua, ukaniambia wamechoka. Jibu lile ndilo lililobeba mayai ya siku ile mpaka kwa Sufian."

Sumayiya aliinamisha kichwa. "Nilikuogopa, Haboba."

"Niogope, lakini useme. Watu wanakula kutoka mikononi mwetu bila kutuuliza kitu, kwa sababu wanatuamini. Anayelisha wenzake hana ruhusa ya kunyamaza."