Kamera Isiyojua Alama ya Kidole

Mfinyanzi alikanda udongo, akauacha. Akachungulia barabarani, akarudi. Tangu kupambazuke hakuwa amekaa. Ghala lilikuwa limemrudishia vyungu mara mbili. Leo vikikataliwa tena, jina lake linafutwa kwenye orodha ya wauzaji.

Zamani vyungu vilikaguliwa na mtu. Sasa wakubwa wa ghala wameweka kamera yenye akili bandia. Kila chungu chake kikipita, taa nyekundu inawaka: kina ufa. Ufa gani? Ilikuwa alama ya kidole gumba, chini kidogo ya mdomo. Marehemu mkewe ndiye aliyeianzisha, na mfinyanzi hakuwa tayari kuiacha.

Alikwenda ghalani na shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu, mpakiaji wa huko. Njia nzima mfinyanzi alinung'unika kwamba wakubwa wamenunua jini la chuma limkomoe.

"Shemeji, jini gani lisilojua hata jina lako?" mwanamke akamcheka. "Ile imeonyeshwa maelfu ya picha. Watu wakaiambia: hiki kizima, hiki kina ufa. Chako kikipita, inakilinganisha na zile."

"Mbona vyangu vizima inavikataa?"

"Haijawahi kuonyeshwa chenye alama ya kidole. Inaona kivuli kwenye kibonyeo, inakisia ni ufa. Kukisia ndiyo kazi yake."

"Basi kosa ni la wakubwa. Wameifundisha nusunusu."

"Hapo sikupingi. Kawaambie mwenyewe."

Vyungu vilipokataliwa tena, akawaambia, tena bila kupunguza neno. Msimamizi wa ghala alikuna kidevu, akaahirisha kulifuta jina. Akamtaka alete vyungu vizima vyenye alama, na vyenye alama vilivyopasuka pia. Mfinyanzi alikasirika: yeye aonyeshe vibovu vyake hadharani? Shemeji akamtuliza. Mashine ikiona vizima tu, itadhani kila chenye alama ni kizima.

Mfinyanzi akavuta mkokoteni safari tatu. Vilipigwa picha, yeye akitaja kimoja kimoja: kizima, kibovu. Baada ya wiki, vyungu vyake vikapita tena mbele ya kamera. Taa ya kijani. Kijani. Kijani. Jina likabaki.

Lakini kimoja alikigonga kwa kifundo cha kidole, akakitenga.

"Taa imekikubali," msimamizi akasema.

"Imeona sura yake. Mimi nimesikia sauti yake. Kimepasuka kwa ndani."

Msimamizi akakigonga naye. Kikatoa mlio mzito, kama ubao. Tangu siku hiyo, hakuna chungu kinachotoka ghalani pale kabla mtu hajakigonga.